Nusu Kidonge

Saa kumi na mbili, kabla redio haijakohoa,
nakata kidonge kwa kisu cha vitunguu.
Nusu naificha ndani ya ini la mbuzi
kutoka bucha la Kanyenye, ambako Ndaki hunipunguzia bei.
Nusu nyingine inarudi kwenye karatasi, ya kesho.
Changu mimi, cha presha, nameza kwa chai.
Tunatazamana, mimi na Jemedari,
wagonjwa wawili wa uani.

Alikuja na kovu la mnyororo shingoni
kutoka ghala la tumbaku, njia ya Urambo.
Walimfunga ili awe mkali.
Akawa.
Nani wa kumlaumu kwa kufaulu?

Februari alimng'ata Shija, kijana wa maziwa.
Nyuzi saba pale Kitete, na sindano za kichaa cha mbwa,
nami nikilipa, nikikaa benchi moja na mama yake,
ambaye hakunitukana. Hilo ndilo lililoniuma.

Mtaa wa Cheyo ukatoa hukumu.
Risasi, akasema Kapalata.
Dawa ya moto ni moto, akasema mkewe, mchape.
Samaki hukunjwa mbichi, huyu keshakauka.

Daktari wa mifugo, Kalunde, binti mdogo,
buti zake zina tope la Ipuli, alichuchumaa mbali, akamtazama kwa pembe ya jicho.
"Mnamwogopa," akasema, "na yeye anawaogopa zaidi.
Kidonge hakitamfunza adabu.
Kitashusha tu kelele zilizomo kichwani mwake,
ili wewe usikike.
Ukimpa dawa bila somo, umenunua usingizi."

Basi somo:
hatua arobaini toka barabarani,
kifuniko cha mdomo nilichoshona kwa ngozi ya buti zangu za reli,
mfukoni vipande vya ini, vinavyoninukia hata swalani.
Baiskeli inapita: ini.
Nyingine inapita: ini.
Kabla hajanguruma, si baada.
Siku za mwanzo aliyechelewa ni mimi.

Wiki ya tatu akalala mno, akakataa ugali.
Nikaandika daftarini. Kalunde akasoma, akasema: kata nusu.
Wiki ya tano akararua shuka la jirani kambani.
Nikainua fimbo.
Nikaiona, mkononi mwangu.
Nikaitupa juu ya bati. Ipo hadi leo.

Wiki ya tisa Shija akapita na madumu yake
ng'ambo ya barabara, polepole, kama tulivyopatana.
Masikio ya Jemedari yakasimama.
Manyoya ya mgongo yakaanza kusimama,
halafu akageuka
akanitazama mimi,
kama mgeni anayeuliza njia stesheni.

Ini lote nililokuwa nalo nikampa.

Miavuli bado haitaki. Geti bado lina kufuli.
Shija bado hapiti upande wetu, na sitamwomba.
Kwenye karatasi kuna nusu, ya kesho.