Shamba Lisilofagiliwa

Watu wa Blakely hupunguza mwendo wakipita hapa.
Si kwa heshima. Wanachungulia uchafu:
mabua ya rai yamelala kifudifudi,
vijiti vya pamba ya mwaka juzi,
na katikati, kama kichwa kilichosukwa twende kilioni,
mistari ya udongo mwekundu, upana wa shubiri moja tu.
Humo ndimo zilimo karanga.

"Odessa Tarver amezeeka," wanasema kituo cha mafuta.
Hakuzeeka. Aliuza plau la baba yake
kwa mtu wa vyuma chakavu,
na risiti ameibandika kwenye friji
kwa sumaku yenye umbo la pichi.

Mimi nimetoka Kongwa.
Babu yangu aliendesha trekta la Waingereza
enzi za ule mradi wa karanga,
akang'oa vichaka kwa minyororo, akaipasua ardhi,
jua likaja likaifanya saruji.
Mpaka anakufa alijisifu:
"Nililisafisha shamba lile, ungeweza kulia ugali juu yake."
Na kulia, watu walilia.
Ugali ndio haukuwepo.

Kwa hiyo Aprili, niliposhikishwa pipa la kulazia rai,
mkono wangu ulisita kwenye gia.
Nafaka imefika kifuani, kijani inaelekea fedha,
nami naambiwa niiangushe, nisiivune.
Rai. Kwetu rai ni ombi.
Pipa likabingirika, bua baada ya bua likapiga goti,
na kilichoombwa sikukielewa
hadi Mei, usiku wa mvua ya mawe.

Asubuhi yake shamba la jirani, Hollis Grantham,
lilikuwa barabarani.
Nasema hivyo hivyo: barabarani.
Wekundu umefika ngazi za kanisa,
mbegu zimejaa mtaroni kama meno yaliyong'oka.
Kwetu maji yalitoka yakitembea,
rangi ya chai nyepesi.
Odessa akachuchumaa, akafunua makapi,
akatoa nyungunyungu, akaniwekea kiganjani:
"Mwenzako huyu. Haombi likizo."

Aliniambia bibi yake alifagia uwanja kila Jumamosi
mpaka usibaki unyasi, nyoka aonekane.
Mama yangu naye alifagia, kabla ya jogoo wa pili.
Tumelelewa na ufagio, mimi na yeye,
na mikono bado inawasha.

Ua la karanga hufunguka alfajiri, manjano,
adhuhuri limekwisha kazi.
Kisha kikonyo kinainama, kinautafuta udongo,
kikazike tunda gizani.
Niliogopa makapi yatakizuia.
Nilifunua pembeni, kama mwizi:
kilikuwa kimepenya, sindano ndani ya shuka.

Septemba tukachimbua, mashina juu chini,
siku tatu za jua na harufu ya mizizi mibichi.
Mashine ya kupukuchua ikafia mstari wa mwisho.
Gia. Fundi akataja bei, Odessa akavua kofia.
Ndipo akaja Dewey Stallings na lori lake,
anatafuta majani ya karanga kwa ng'ombe wake,
hundi ameshaiandika, nafasi ya tarakimu iko wazi.

Alisimama kwenye uzio muda mrefu.
Akamuuzia ekari arobaini, zile za barabarani.
Marobota yalipopakiwa aliyahesabu kwa sauti,
kisha akasema, bila kunitazama,
"Mbolea yangu ile inaondoka, na saini ni yangu."

Sasa ni Novemba. Ekari arobaini zinang'aa,
upepo unaziramba, vumbi linavuka barabara.
Wapita njia wanazisifu.
Kwingine rai mpya inachomoza katikati ya majani meusi,
nyembamba, kama ndevu za mvulana.

Nilimpigia picha mjomba Chidumizi, nikamtumia Kongwa.
Yeye ameshachoma mabua yake, shamba jeupe.
Akajibu usiku wa manane:
"Poleni sana. Huko Marekani mmekosa vibarua?"