Matundu Sita

Milioni thelathini na nane, laki sita.
Niliisoma tarakimu mara tatu,
nikailaza karatasi chini ya kikombe isipeperuke,
kisha nikapanda pikipiki ya ofisi hadi Mabokweni
kuyaona matundu yenyewe.

Sita. Nilihesabu kwa kidole, kama mtoto wa chekechea.
Matatu ya wasichana, matatu ya wavulana,
bati la kijani, milango ya chuma,
karo la kunawia, na koki
niliyoifungua ikanipa buibui.

Fundi Kaniki nilikwenda naye.
Ndiye aliyemjengea shangazi yangu choo kule Duga
kwa laki nane na sinia la pilau.
Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaguna:
"Hapa hapakujengwa choo, mkaguzi.
Hapa pamejengwa nyumba ya mtu, mahali pengine."

Nikafurahi. Nakiri.
Nilifurahi kama paka aliyesikia kisu juu ya ubao wa samaki.
Kalamu yangu nyekundu ilikuwa mpya.

Mkandarasi, Bi Zawena Semboja, hakukimbia.
Ofisi yake iko Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
juu ya duka la vipuri vya baiskeli.
Alinipa jalada, akanipa na kiti kizima,
yeye akakalia kile chenye mguu mbovu.
"Shangazi yako," alisema, "alikutana na mwamba?
Sisi futi tatu tu, jiwe. Siku tisa mashine inatafuna jiwe.
Shangazi yako alipeleka zege maabara
likavunjwe makusudi, akalipia na risiti ya kuvunjiwa?
Alijengea shimo kuta na plasta
kwa kuwa kisima cha shule kiko jirani?
Alikatwa kodi kabla hajazishika hela?"

Nikakumbuka: choo cha shangazi
kilititia masika ya mwaka juzi.
Alhamdulillahi, hakikumeza mtu.
Kilimeza kandambili moja.

"Na saruji?" nikasema. "Dukani mfuko elfu kumi na saba.
Wewe umeandika ishirini na nne."
Hapo akavua miwani.
"Nilijua mtanikalisha.
Mlinikalisha Pongwe, mkanikalisha Kiomoni.
Kazi hii niliikabidhi Mei, nimelipwa Aprili.
Benki haikungoja; kila mwezi ilibisha hodi.
Fomu yenu haina mstari wa kungoja.
Basi ile riba niliificha ndani ya mifuko ya saruji."

Nikaitazama kalamu.
Mwizi hapo ni nani: aliyepandisha bei,
au aliyemkopa mtu bila kumwambia?

Tukashuka mistari, mmoja mmoja,
na kila mmoja ulikuwa na jasho lake,
hadi wa mwisho:
Uratibu na mengineyo. Milioni nne, laki moja.
Akafunga jalada.
"Huo sikuutunga mimi. Niliambiwa niuandike."
Chini yake sahihi, mkia umepinda kama ndoana.
Naijua. Ndiyo inayonipa ruhusa ya likizo.

Jioni Kaniki akanipigia simu.
"Wamekula, hawakula?"
"Wamekula. Lakini si thelathini na nane."
"Ngapi?"
Nikamtajia.
"Aa," akasema, kama mtu aliyenyimwa mchuzi,
"kumbe wizi mdogo."

Sikumjibu.
Kesho yake nilirudi Mabokweni,
nikasimama penye bomba kuu la barabarani,
nikatembea kuelekea kwenye koki nikihesabu hatua,
bei ya mabomba nikiwa nayo mfukoni.
Hatua mia tatu na kumi.
Nikapiga hesabu mara mbili, nikiomba nikosee.
Msichana mmoja alinipita na kidumu kichwani,
akaingia tundu la pili, akavuta komeo.
Milioni nne.
Na laki moja ya fundi.