Shahidi wa Miaka Saba

Vitebski, theluji imeziba madirisha.
Msomaji wa Torati amekwama:
vav moja imechubuka mguu.
Bado ni vav, au imeshakuwa yod?
Wazee wanabishana ndevu kwa ndevu.
Basi aitwe Fishel, mtoto wa fundi viatu,
ajuaye herufi, asiyejua maana.
Wanamfunikia maneno ya jirani.
"Waona nini?"

Nami, Zalkind fundi saa, nisiyesadiki
kwamba mlima uliwahi kunena,
nimebana pumzi.

Kamasi linamchuruzika. Anainama.
Moshi wa Sinai, baragumu, watu laki sita,
vyote vinangoja ncha ya pua yake.

"Vav," asema, akijifuta kwa mkono wa shati.
Msomaji anaendelea palepale alipokoma.

Natoa pumzi. Mke wangu sitamwambia.