Ukanda wa Shangazi Ereba

Shangazi alituachia hekta mbili na ugomvi mmoja.
Pandeni michikichi kote, alisema,
udongo wa majivu hauna choyo;
ila ule ukanda wa chini, unaoshuka mtoni,
usiguswe hata na kisu cha kukatia popoo.

Nilidhani ni ubishi wa uzee.
Lori la kampuni hutoka Popondetta kila Alhamisi kupima mikungu,
na mtu mwenye deni la ada ya shule
huutazama msitu kama mfuko wa mtu mwingine.

Nikashuka na panga.

Humo hakuna mchana. Kuna kijani juu ya kijani,
matone yanayoanguka saa nzima baada ya mvua kukoma,
ruba wawili kifundoni,
na mtambaazi, mnene kama mkono wangu,
umekwea mti hadi nisikoona, unatafuta jua,
huku chini umeacha majani machache ya kumkatisha mtu tamaa.
Nilitafuna moja. Shubiri ni asali.
Nilitema, nikatema.

Kwenye jani la pili alikuwepo mlaji wake:
kiwavi mweusi, miiba myekundu,
mgongoni tandiko la rangi ya maziwa yaliyoganda,
anaimega sumu taratibu, kama aliyekwisha kulipia.
Hajui chakula kingine.
Huu ukikatwa, hana jirani wa kumwomba chumvi.

Nikakaa juu ya mzizi. Panga nalo likakaa.

Kisha huko juu, mwanga unapotoboka, kitu kikapita.
Nikasema popo. Nikasema ndege.
Alikuwa jike, hudhurungi kama gome,
upana wake shibiri nzima na ziada,
anapiga mbawa kama mwanamke anayekung'uta mkeka
bila haraka, bila mgeni anayetarajiwa.

Si yule dume wa samawati na kijani
aliyempeleka binamu yangu Jigari jela,
amekunjwa katika bahasha, akisubiri sindano ya mnunuzi.
Huyu hakuna aliyewahi kunisimulia habari zake.
Na ndiye abebaye mayai.

Alizunguka mtambaazi mara tatu,
akachagua jani, akalikataa, akachagua jingine.
Nilimsubiri kama anayesubiri hukumu.

Jioni mke wangu, Lovelyn, akauliza:
Umekata mingapi?
Nikamtolea ulimi,
bado wa kijani.