Kizimba cha Mrihani

Tajiri kanipa nyundo, kanipa siku mbili:
"Vunja hicho kidude uani, nataka kuweka simtanki."
Nyumba ya Ndoro, mlango wa mninga, namba imefutika,
nyumba ya marehemu Vrajlal, muuza vitambaa na kandili,
ambaye mjane wake, Jasumati, kaondoka Machi
na masanduku mawili na kikohozi.

Kidude chenyewe kizimba cha saruji, kimo cha kiuno,
kila upande kishubaka cheusi kwa moshi wa taa,
na juu yake mmea ambao sisi tunauita mrihani
na yeye aliuita Mama.

Nilikuwa kibarua wa kuziba paa lake
mwaka ule mikorosho ilipochanua mapema.
Juu ya bati, alfajiri, nilimwona akitoka na kopo la shaba,
nywele mbichi, miguu mitupu,
ncha ya sari kichwani
kama mama yangu anavyovuta kanga adhana ikilia,
akimimina maji polepole, kama anayemnywesha mgonjwa.
Jumapili hachumi. Jua likizama hachumi.
"Amelala," aliniambia.
"Wewe ukilala, nani akung'oe nywele?"

Nikapata mafua. Akamwomba ruhusa kwanza
(nilisikia kwa masikio yangu, anauomba mti ruhusa),
ndipo akachuma majani saba,
akatwanga tangawizi na pilipili manga.
Nilitoka jasho hadi kwenye kope.

Novemba akanituma Ng'apa: "Niletee miwa minne,
mirefu, na majani yake, usikate kilele."
Kumbe harusi. Miwa ikawa nguzo za hema,
mrihani ukavishwa kitambaa chekundu cha jora la dukani,
bangili za kioo zikaning'inia matawini,
na bwana harusi ni jiwe,
jeusi, laini, dogo kama yai la njiwa.
Nikacheka. Mti na jiwe!
Hakukasirika. Alinipa kashata ya maziwa, akauliza:
"Bibi yako wa Nyangao, unga anaumwagia nini?"

Nikatafuna kimya.
Bibi yangu, Nangoma binti Likwata,
kabla ya jando la mjukuu, kabla ya safari,
alikwenda na unga wa mtama kwenye shina la msolo,
akaudondosha kwa ncha za vidole hadi usimame kama kichuguu,
na asubuhi tulikimbia kutazama
kama umebaki wima au umemomonyoka.
Hatukucheka asubuhi hizo.

Sasa nyundo. Pigo la kwanza, cheche.
Saruji ya zamani ina kiburi, haikuchanganywa na wizi.
Pigo la sita kizimba kikafunguka tumbo:
kipande cha manjano kilichonyauka, popoo moja,
na senti kumi yenye tundu, ya enzi za mfalme.

Hapo nikakumbuka leo ni siku gani.
Nikaweka nyundo chini.
Mchana kutwa nilikaa uani sifanyi kitu,
simu ya tajiri ikilia ndani ya ndoo.

Jumatatu, jua limetoka sawasawa,
nikasema, sijui kwa dini ya nani,
"Hodi, mama. Nakuhamisha."
Mizizi nikaifunga kwa mfuko wa saruji,
nikaupakia kwenye baiskeli na popoo yake na senti yake.

Nyumbani Asumini akanusa kabla hajaona.
"Mrihani! Wa maiti au wa bibi harusi?"
Maana kwetu unakwenda kote kuwili,
kaburini na kitandani.
"Huyu," nikamwambia, "kishaolewa."
Alinitazama muda, kisha akaleta maji.

Jana jioni mwanangu alitaka jani la chai.
Jua lilikwishashuka nyuma ya Mtanda.
Nikamshika mkono hewani.
"Baba," akasema, "huo ni mti."
"Najua," nikamjibu.
"Punguza sauti."