Daftari la Mahudhurio

Mwaka wa mwisho nilikabidhiwa mimi daftari,
kwa sababu mwandiko wangu husomeka, alisema Abla Samiha,
mwalimu wetu wa Kimisri, aliyelitamka jina la Ibra
kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa mwenzake.
Majina ishirini na matatu, wino wa buluu.
Aliyepo, alama ya vema. Asiyepo, duara.

Tuliitika kwa Kiarabu, ilivyotakiwa,
isipokuwa Shinuna, nyuma kabisa, chini ya kiyoyozi kinachovuja,
aliyesema "nipo" kwa sauti ya bibi yake wa Wete,
na sisi watano tuliolelewa na mabibi wa namna hiyo
tukainamisha vichwa tusicheke.
Kiswahili kilikuwa chumba chetu cha ndani.
Humo tulimsengenya mkuu wa shule mbele ya uso wake,
mpaka siku alipogeuka akatuuliza, taratibu,
kwa Kiswahili cha Ng'ambo, safi kuliko chetu,
"Na hivi viatu vyangu, vina nini hasa?"

Usiniulize tulisoma nini. Nakumbuka
mkate wa saa nne, jibini ya kopo, chipsi zilizopondwa ndani,
pilipili ya chupa ikidondokea shela nyeupe ya mtu.
Nakumbuka basi la manjano mwezi wa Mei,
viti vyake vikituchoma hata kupitia nguo;
na ile Jumatatu wadi iliposhuka,
maji ya rangi ya chai ya maziwa yamebeba mlango wa watu,
mbuzi wawili, mtungi wa gesi.
Barabara ikakatika, tukalala shuleni,
tumebanana kama dagaa kwenye mikeka ya chumba cha sala.
Usiku ule Thuwaiba alikiri kwamba haogopi hesabu,
anaogopa baba yake anavyonyamaza.
Azza, wa kwanza kwa kila somo, alilia akimtaka mama.
Asubuhi hakuna aliyemkumbusha.

Sasa nikiri na langu.
Ghaniya, nambari kumi na sita.
Kila Jumanne mama yake aliunganishwa na mashine ya figo,
na hapakuwa na mwingine wa kumshika mkono.
Siku za kukosa zilikwisha mjaa; moja zaidi,
asingeruhusiwa mtihani.
Nikatia vema. Wiki ya pili, vema.
Darasa zima likajua, midomo ishirini na miwili,
hata mmoja haukufunguka.
Mara kumi na moja nilisema uongo kwa wino wa buluu,
na mkono haukutetemeka, na mwandiko ukasomeka.

Jana, baada ya picha, baada ya majoho yaliyotupwaya
na vigelegele vya mama zetu vilivyomshtua mpiga picha,
nilikwenda kulirudisha daftari.
Nikalipekua kwanza. Pembeni ya kila vema ya uongo,
zote kumi na moja, nilihesabu mara mbili,
palikuwa na nukta ya penseli, ndogo kama chenga ya pilipili manga.
Si mkono wangu.
Abla Samiha alikuwa anafuta ubao usio na kitu.
"Lete," akasema. Akalitia kabatini, akafunga.

Shinuna anakwenda Suhar, chuo cha ufundi.
Azza, Maskati na udaktari wake.
Thuwaiba kaposwa; anajifanya hajali, na anajali.
Ghaniya anangoja matokeo. Mama yake hakuyangoja.
Mwezi uliopita tulikwenda sote tukakaa sakafuni kwao,
kahawa ikazunguka, tende zikazunguka,
hakuna aliyejua la kusema,
Kiswahili chenyewe kilituishia,

mpaka Ghaniya akainua uso, akatutazama mmoja mmoja
kama anayetafuta alipofikia kwenye kitabu,
akaanza kutuita majina, kwa mpangilio wa daftari.
Sauti ilimkatika kwenye nambari kumi na sita, akajiruka.
Tukaitika. Hata wasiojua lugha yetu
walisema nipo.