Daftari la Kudumu

Masanduku yalifika Ijumaa jioni kwa boti ya injini,
yakashushwa penye maji ya kifua.
Gati hatuna. Tuna ahadi ya gati, mwaka wa tisa huu.
Akina Hamenya wakayabeba vichwani wakitweta,
watu walewale waliomshusha Mheshimiwa mwezi wa pili,
jeneza likilamba maji upande mmoja
na shehe akipiga kelele kutoka mchangani:
inueni, inueni huko miguuni!

Kituo ni darasa la nne. Mimi ndiye mwalimu wake,
na kwa siku moja, kwa posho nitakayoifuata Uvinza, karani.
Nilifuta ubao usiku. Saba mara nane ikagoma kufutika,
ikabaki juu ya vichwa vya mawakala,
na Konstebo Mwakipesile akakalia dawati la mtoto,
magoti karibu na kidevu, bunduki mapajani
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani.

Siku yenyewe iliangukia giza la mwezi.
Tume, huko iliko, haitazami angani.
Usiku wa giza dagaa hufuata taa, wanaume hufuata dagaa,
na asubuhi hulala kama magunia, kura au si kura.
Basi wakaja wanawake,
wa kwanza mama mkamua mawese kutoka mlimani:
nikamchovya kidole, wino ukateleza.
Nikachovya tena. Ukateleza.
Akacheka, akakisugua kwa jivu alilokuja nalo kwenye pindo la kanga.
“Mwaka ule pia ulinikataa,” akasema. “Nimejifunza.”

Saa tano akaingia Bi Shida. Eda imemwisha juzi.
Wagombea wote watatu walipita kwake kumpa pole,
kila mmoja na kilo zake mbili za sukari,
kila mmoja na gati lake mdomoni.
Nikafungua daftari. Mia mbili na kumi na tatu ndiye yeye.
Na mia mbili na kumi na mbili, juu yake, ndiye mumewe,
kwa sababu siku ile walipanga foleni pamoja.
Si ile picha ya mabango, yenye meno na bendera.
Hii ya daftari: kola imepinda,
jicho moja limefumba, kamera ilimwahi.

Akaweka kidole pale. Hakulia.
“Huyu naye mtamwita?”

Bukuru, wakala, akaruka: akatwe! Mtu asije akampigia!
Wakala wa pili akasema akatwe, wa tatu akasema akatwe,
mara ya kwanza siku ile kukubaliana.
Msimamizi akafungua kitabu cha maelekezo, akalowesha kidole,
akapekua mbele, akapekua nyuma.
Hakuna ukurasa wa kumkata mtu.
Jina hutiwa alama likipiga kura, basi.
“Mwacheni,” akasema. “Hana fujo.”

Bi Shida akaenda nyuma ya kasha la kadibodi.
Alikaa huko muda wa kuchambua mchele wa watu wawili.

Tulihesabu kwa tochi ya konstebo.
Aliyeshinda kashinda; mtamsikia redioni.
Mimi nilibaki na fomu, na safu zake zisizojua haya:
Waliojiandikisha, mia nne thelathini na moja.
Waliopiga, mia moja kumi na nane.
Ambao hawakujitokeza, mia tatu na kumi na tatu.
Nikamwandika humo, pamoja na waliolala.

Alfajiri masanduku yakarudi majini, kichwani kwa Hamenya.

Jumatatu watoto waliikuta orodha bado ukutani,
tuliibandika kwa uji wa muhogo, ukashika kweli.
Kila mmoja akamtafuta mama yake kwa kidole.
Mtoto wa Hamenya, mfupi, akasimama juu ya dawati:
“Mwalimu, mbona na huyu yumo? Alikuja?”

Nikamwambia ashuke,
atusomee saba mara nane.